Kopo la Babu: Mnunuzi Akitaja Bei, Umjibuje?

Nyumba nyingi za vijijini zina kopo. Pengine ni kopo la majani ya chai, pengine ni mfuko wa kitambaa uliofungwa kamba na kufichwa chini ya sanduku. Ndani yake mna sarafu za zamani. Babu alizipata kwa babu yake, naye babu yake alilipwa mshahara kwa hizo. Hakuna duka linalozipokea tena. Watoto huzichezea, kisha mama huwanyang'anya na kuzirudisha koponi.

Sasa tuseme mzee amefariki. Matanga yamekwisha, na ninyi watoto na wajukuu mmekaa kuangalia vitu vyake. Kopo limefunguliwa. Kijana mmoja ana simu ya mkononi yenye kamera. Anazipiga picha zile sarafu, anaziweka katika soko la intaneti, na kabla ya jua kuchwa watu watatu wameandika. Wa kwanza anasema, "Nitakupa shilingi elfu ishirini kwa zote." Wa pili anauliza, "Bei ya mwisho ngapi?" Wa tatu anasema atalipa milioni tano, tena leo leo.

Je, utamjibu nani? Na utamjibu nini? Kijana huwaza mamilioni, shangazi hulia kwamba mali ya marehemu inatupwa, na karo ya binti inadaiwa mwezi wa kwanza. Watu wengi wameharibu mambo hapa, wengine kwa kuuza upesi mno, wengine kwa kukataa kila bei, na wengine kwa kupoteza hata kile walichokuwa nacho. Basi tukae kitako tulitazame shauri hili polepole.

UJUE KWANZA ULICHO NACHO

Mtu asiyejua uzito wa gunia lake hawezi kubishana bei sokoni. Na sarafu ni hivyo hivyo. Kabla ya kusikiliza bei ya mtu yeyote, zipange sarafu mezani, kila aina peke yake, uzisome.

Utaona pengine pesa ya shaba yenye tai upande mmoja na maandishi ya Kiarabu upande wa pili. Hiyo ni ya Kampuni ya Kijerumani ya Afrika Mashariki, ya kati ya mwaka 1890 na 1892. Pesa 64 zilikuwa sawa na rupia moja. Baadaye serikali ya Kijerumani ilishika kazi ya kutoa fedha, na tangu mwaka 1904 rupia moja ikawa sawa na heller 100. Kutoka katika neno hilo la Kijerumani ndipo sisi tukapata neno letu "hela". Kumbe kila siku tunapotaja hela tunaitaja sarafu ile ya shaba bila kujua!

Rupia yenyewe ina sura ya Kaisari Wilhelm wa Pili amevaa kofia ya chuma. Ina uzito wa gramu 11.66, na sehemu kubwa ni madini ya fedha. Rupia ya Bara Hindi, yenye sura ya Malkia Victoria au ya wafalme waliomfuata, ilitumika sana Unguja na Kenya, nayo ina uzito ule ule.

Ziko pia sarafu zilizotengenezwa hapa hapa kwetu. Wakati wa vita vya kwanza vya dunia, meli za Waingereza zilizuia bandari, fedha za kutoka Ujerumani zisifike. Basi mwaka 1916 Wajerumani wakatengeneza sarafu mjini Tabora kwa mitambo ya karakana ya reli. Walitoa heller 20 na heller 5, zikiwa na herufi T, maana yake Tabora. Walitoa pia rupia 15 za dhahabu, zenye picha ya tembo na mlima nyuma yake, kwa dhahabu iliyochimbwa Sekenke. Mnamo tarehe 19 Septemba 1916 majeshi ya Wabelgiji yaliuteka mji, na kazi ile ikakoma. Zile za dhahabu zilikuwa elfu kumi na sita na kidogo tu. Zile za heller 20 za shaba nyeupe na shaba nyekundu zilikuwa nyingi zaidi ya milioni moja. Unaona tofauti? Zimetoka mji mmoja katika mwaka mmoja, lakini thamani yake si moja hata kidogo.

Kisha ziko za Waingereza: shilingi yenye simba mbele ya milima, na senti zenye tundu katikati. Shilingi zilianza kutumika baada ya florin ya mwaka 1920 kushindwa. Zile za tangu mwaka 1921 mpaka 1946 zina robo moja tu ya fedha ndani yake, na tangu mwaka 1948 hazina fedha kabisa.

Jihadhari na mambo mawili hapa. La kwanza ni reale kubwa ya Maria Theresia. Imeandikwa mwaka 1780, na watu hudhani ina umri wa miaka mia mbili na zaidi. Lakini mwaka huo huo wa 1780 uliendelea kupigwa juu yake miaka mingi baadaye, hata katika karne ya ishirini. La pili ni senti tano na senti kumi za mwaka 1936 zenye jina la mfalme Edward wa Nane. Mfalme huyo alitawala chini ya mwaka mmoja akajiuzulu, na kwa sababu hii watu husema senti zake ni adimu. Si kweli. Zilitengenezwa nyingi sana, nazo huuzwa kwa bei ndogo. Hadithi nzuri peke yake haiongezi bei ya sarafu.

USIZISUGUE

Mama mwema akiona sarafu nyeusi, mkono wake hukimbilia majivu, limau au dawa ya meno. Tafadhali, mama, acha! Wakusanyaji wa sarafu wanapenda ile rangi ya uzee. Sarafu iliyosuguliwa hujaa mikwaruzo midogo, nao huitambua mara moja kwa kioo cha kukuzia. Sarafu iliyong'arishwa pengine hupoteza nusu ya bei yake au zaidi. Hali kadhalika ile iliyotobolewa ili ivaliwe shingoni. Iache kama ilivyo. Ishike ukingoni, iweke kila moja katika karatasi safi, uipige picha pande zote mbili mchana kweupe.

BEI TATU ZA KUANDIKA KABLA

Sasa tufike kwenye bei. Kabla ya kuitangaza sarafu, andika bei tatu katika daftari. Usiziandike peke yako. Ziandike pamoja na wale wenye haki katika urithi huo.

Bei ya kwanza ni ile ya chini kabisa. Kwa sarafu ya fedha au dhahabu, bei hii hupatikana kwa hesabu. Rupia ya Kijerumani ina karibu gramu 10.7 za fedha safi. Reale ya Maria Theresia ina gramu 23.4. Shilingi ya mwaka 1921 mpaka 1946 ina karibu gramu 2 tu. Rupia 15 ya Tabora ina karibu gramu 5.4 za dhahabu safi. Uliza bei ya gramu moja ya madini hayo siku hiyo, zidisha, nawe utajua kile ambacho hata sonara angeweza kukilipa kwa kuiyeyusha. Mnunuzi anayetaja chini ya hapo hanunui sarafu. Ananunua ujinga wako.

Bei ya pili ni ile unayoitumaini. Hii huipati kwa kuota. Angalia sarafu kama yako, ya mwaka ule ule na hali ile ile, imeuzwa kwa kiasi gani. Angalia vizuri: nimesema imeuzwa, sikusema imetangazwa. Mtu yeyote aweza kutangaza senti ya shaba kwa milioni kumi, hakuna anayemzuia. Lakini masoko makubwa kama eBay, lililoanzishwa Marekani mwaka 1995, huonyesha pia vitu vilivyokwisha kuuzwa na bei zake. Na orodha ya sarafu za dunia iitwayo Numista itakusaidia kuijua sarafu yako kwa picha na uzito.

Bei ya tatu ni ile ya kutangaza. Iwe juu kidogo ya bei unayoitumaini, ili ubaki na nafasi ya kushuka. Usiipandishe mara tano. Mnunuzi mwenye ujuzi akiona bei ya kichaa hupita bila kusema neno, na ukabaki na wale wasiojua na wale wezi.

Tutoe mfano, nao ni mfano tu. Kwa sarafu moja mmeandika: chini kabisa shilingi 80,000, tumaini 100,000, tangazo 120,000. Daftari lifungwe, likae kwa mtu mzima mmoja. Mnunuzi asione kamwe zile namba mbili za kwanza.

BEI YA KWANZA YA MNUNUZI

Mnunuzi wa kwanza ameandika: "Nitakupa 50,000." Kijana wako amekasirika. Anataka kumjibu, "Unatudharau? Wewe ni mwizi!" Mzuie. Je, ukienda mnadani kununua mbuzi, wewe hutaji kwanza bei ndogo? Na mwenye mbuzi hukutukana? La, hucheka, akataja yake. Bei ndogo ya kwanza ni njia ya kubisha hodi. Mtu aliyebisha hodi hapigwi fimbo.

Tena usijibu saa ile ile. Simu ina tabia ya kutuharakisha, kama kwamba kila mlio ni wa moto unaowaka. Kalamu ya babu ilikuwa bora katika jambo hili, maana ilitaka wino na bahasha. Weka simu chini. Angalia daftari. Ongea na mwenzako. Lakini usilale siku nne bila kujibu, kwa sababu katika masoko mengine bei ya mnunuzi ina saa zake, zikipita imekufa.

Kisha jibu kwa adabu, na jibu lako liwe na mambo matatu: shukrani, bei yako, na sababu. Kwa mfano: "Ndugu, asante kwa kuitazama sarafu yetu. Haijasuguliwa wala haijatobolewa, na maandishi yake yote yasomeka. Tutakupa kwa 115,000." Umeshuka kidogo tu, lakini umefungua mlango. Naye atapanda, tuseme 75,000. Wewe shuka tena, 105,000. Yeye atasema 90,000. Wewe sema 100,000. Mwisho mnakutana 95,000, na kila mtu anaona ameshinda kidogo. Angalia jinsi hatua zako zilivyokuwa: ulishuka elfu tano, kisha kumi, kisha tano. Mtu anayeruka kutoka 120,000 mpaka 80,000 kwa neno moja humfundisha mnunuzi kwamba hata 80,000 si mwisho.

Wengine hawapandi. Wanarudia 50,000 mara tatu. Hao waage vizuri: "Asante, ndugu. Kwa bei hiyo hatuwezi. Ukibadili shauri, tupo." Wala usishangae mmoja wao akirudi baada ya wiki mbili na bei nzuri.

"BEI YA MWISHO NGAPI?"

Hili ni swali la mtu ambaye hajataja chochote, naye anataka wewe ushuke mara mbili: kwanza kabla hajataja bei yake, halafu tena baada ya kuitaja. Usimjibu kwa namba. Mjibu, "Bei yetu ni ile iliyoandikwa. Wewe unatoa ngapi?" Akiwa mnunuzi wa kweli atasema. Akiwa mpita njia atapita.

Na neno moja kubwa: usimwambie mnunuzi shida yako. Mara nyingi tunadhani tukisema "nina karo ya mtoto, nisaidie," tutamtia huruma. Pengine ndiyo. Lakini mara nyingi tumemwambia kwamba hatuwezi kungoja. Atakaa kimya mpaka siku moja kabla ya shule kufunguliwa, kisha atataja 60,000, nawe utachukua huku machozi yanakutoka. Shida ya nyumba iongelewe nyumbani. Sokoni huongelewa kitu kinachouzwa.

Kwa sababu hii pia, yafaa kuanza kuuza wakati hakuna haraka. Mwenye njaa si hodari wa kupima unga.

ANAYETAKA KUCHAGUA

Mnunuzi mwingine atasema, "Nipe zote kwa bei moja." Si vibaya kuuza zote pamoja, wala si vibaya kumpunguzia anayechukua nyingi. Lakini jumlisha kwanza bei ya kila moja. Mara nyingi katika sarafu hamsini ziko arobaini na nane za kawaida na mbili za maana, na mnunuzi mjuzi amekwisha kuziona hizo mbili katika picha yako. Rupia mbili za mwaka 1893 au 1894, kwa mfano, hazionekani ovyo. Akisema "zote" kumbe macho yake yako pale, nawe hujui, umempa ng'ombe kwa bei ya kuku.

Kinyume chake yuko anayetaka kuchukua ile moja nzuri na kukuachia nyingine. Hilo si kosa, lakini bei yake iwe bei kamili ya ile nzuri.

WANUNUZI WAWILI

Wakija wawili, furahi, lakini usiseme uongo. Ni kweli ukisema, "Yuko mwingine aliyetaja 90,000," kama kweli yuko. Ukimbuni mtu ambaye hayuko, mnunuzi aweza kukujibu, "Vema, mwuzie huyo," nawe ukabaki na aibu na sarafu yako.

Na ukisha kukubali bei, umekubali. Akija mwingine kesho na bei ya juu zaidi, mjibu kwamba umekwisha kuahidi. Mpe wa kwanza muda uliotajwa wazi, tuseme siku tatu, alipe. Asipolipa, umekuwa huru. Wakusanyaji wa sarafu wanafahamiana, na habari ya muuzaji kigeugeu huenda mbali. Ahadi ni deni, hata iliyoandikwa kwa simu.

HESABU YA KILE KITAKACHOBAKI

Bei si fedha mkononi. Tuseme mmekubaliana 100,000. Soko likichukua kumi kwa mia, zimetoka 10,000. Posta ya kifurushi kilichoandikishwa ikiwa 30,000 na wewe ndiye unayelipa, zimebaki 60,000. Kupokea fedha kutoka nje na kuzibadili kukiwa 5,000, unashika 55,000. Kumbe jirani aliyekupa 70,000 taslimu, mkono kwa mkono, alikuwa amekupa bei kubwa zaidi!

Basi kila mara mnunuzi anapotaja bei, uliza: "Posta analipa nani?" Andikeni jambo hilo kabla ya kukubaliana, si baadaye.

YULE WA MILIONI TANO

Umesahau yule wa tatu? Yeye hajauliza uzito. Hajaomba picha ya upande wa pili. Hajauliza mwaka. Anataka kulipa milioni tano kwa sarafu ulizoandika laki moja. Ndugu msomaji, kimbia.

Pengine umesikia habari kwamba rupia ya Mjerumani huuzwa mamilioni, na kwamba nyingine zina nguvu za ajabu. Habari hizi zimewafilisi watu. Rupia ni kipande cha fedha chenye uzito wa gramu 11.66, haina nguvu nyingine ila ile ya bei yake. Matapeli wanajua kwamba tumezisikia hadithi hizo, nao huzitumia kama chambo. Njia zao zafanana, na hizi ndizo alama zake:

1. Anakutaka wewe utoe fedha kwanza: ya cheti, ya ushuru, ya wakala, ya bima. Mnunuzi hutoa fedha, hapokei. Ukiona mnunuzi anayedai kulipwa, huyo si mnunuzi.

2. Anasema amekutumia fedha nyingi kuliko bei "kwa makosa", na anakuomba urudishe zilizozidi. Zile za kwanza hazikufika kamwe, au zitafutwa baadaye. Zile ulizorudisha ni zako za kweli.

3. Anakuletea ujumbe wa simu unaosema fedha zimeingia. Usiuamini ujumbe. Fungua mwenyewe akaunti yako, uangalie salio. Kama hazionekani pale, hazipo.

4. Anakuomba namba yako ya siri, au namba iliyokuja sasa hivi katika simu yako. Usimpe mtu yeyote, hata akijiita mfanyakazi wa benki.

5. Anakutaka muache soko mlipokutania, muongee mahali pengine pasipo na mashahidi, au umpelekee sarafu "aikague" kabla ya kulipa.

6. Anakuharakisha. "Leo leo! Sasa hivi! Usimwambie mtu!" Biashara halali haiogopi shangazi yako akijua.

Lakini si kila bei kubwa ni ya mwizi. Ikiwa mtu anayeuliza maswali ya maana amekubali bei yako yote siku ile ile bila kubishana, na wengine wawili wamefanya hivyo hivyo, basi simama. Labda una kitu usichokijua. Kabla hujakubali, una haki ya kusema, "Tunaomba siku tano tupate ushauri." Mwonyeshe mtu mwenye ujuzi, au itafute tena katika orodha kwa makini. Ukisha kukubali, umechelewa.

SHERIA NA POSTA

Ziko sarafu ambazo hujibu la kufanya nazo ni moja tu: usiuze. Watu wa pwani huokota pengine vipande vidogo vya shaba vya masultani wa Kilwa, vya karne nyingi zilizopita. Kwa Sheria ya Mambo ya Kale ya Tanzania ya mwaka 1964, kitu kilichotengenezwa na mtu kabla ya mwaka 1863 ni kitu cha kale kinacholindwa. Hakitolewi nje ya nchi bila kibali, wala hairuhusiwi kuchimbachimba kukitafuta. Kenya nayo, kwa sheria yake ya mwaka 2006, inalinda vitu vilivyotengenezwa nchini au kuingizwa kabla ya mwaka 1895. Basi hata rupia ya Mombasa ya mwaka 1888 imo. Ukiwa na shaka, uliza ofisi ya mambo ya kale au makumbusho kabla ya kumjibu mnunuzi wa ng'ambo. Kuuliza si ujinga.

Uliza na posta pia. Sarafu na madini ya thamani vina masharti yake, na mara nyingi vyatakiwa kuandikishwa na kukatiwa bima. Mnunuzi akikuomba uandike "zawadi" au bei ndogo ili akwepe ushuru, mkatalie. Kifurushi kikipotea utalipwa bei ile ndogo uliyoiandika, na uongo utakuwa na sahihi yako.

NENO LA NYUMBANI

Nimeliacha neno hili mwisho, ingawa kwa haki lingekuwa la kwanza. Kopo lile ni la nani? Si la kijana mwenye simu. Ni la wote walioachiwa: mjane, watoto wa kiume na wa kike, na wajukuu. Mara nyingi ugomvi hauletwi na bei ndogo, bali huletwa na bei ambayo wengine hawakuambiwa. Dada aliyeolewa mbali akisikia kwa majirani kwamba sarafu za baba zimeuzwa, ataamini zimeuzwa kwa mamilioni, hata kama zilileta 95,000. Na nani atamtoa mawazo hayo?

Basi kaeni pamoja. Andikeni idadi ya sarafu. Andikeni zile bei tatu. Chagueni mmoja wa kuongea na wanunuzi, na mwingine wa kushika daftari. Kila bei iliyotajwa iandikwe, pamoja na jina la aliyeitaja na siku. Zikiuzwa, fedha zihesabiwe mbele ya wote.

Na kabla ya kufunga kifurushi, mtoe moja. Si lazima iwe ile ya bei kubwa. Labda ni heller 20 ile yenye herufi T, iliyopigwa Tabora wakati mizinga ilipokuwa inakaribia, akalipwa nayo mtu wenu kwa jasho lake. Irudisheni koponi. Siku moja mtoto ataliangusha kopo, itabingirika sakafuni, naye atauliza, "Hii ni nini?" Hapo mtakuwa na kitu cha kumsimulia, na kwa hicho hakuna mnunuzi atakayewatajia bei ya kutosha.